Land Rover ya Baba na Kitanda cha Mgonjwa

Ndugu msomaji, umezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti, katiba na mitaala. Leo nitajadili gari bovu. Naomba univumilie, kwa sababu gari hilo limeniingiza katika mjadala ambao sikuutegemea, tena nikashindwa mbele ya mama yangu mzazi.

Gari lenyewe ni pikapu aina ya Land Rover 109, toleo la tatu, ambalo kwa miaka kumi na minne limekaa chini ya mgrevilea nyumbani kwetu Maretadu, wilayani Mbulu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Marehemu baba alilinunua mwaka 1993 katika mnada wa magari chakavu ya serikali, mimi nikiwa darasa la tano. Siku lilipofika nyumbani kwa mara ya kwanza tulilikimbilia wote, tukaacha ng'ombe waingie kwenye mahindi ya jirani. Jioni tulichapwa, na hakuna aliyejuta.

Mwaka jana nilianza kuandika daftari la kulifufua. Mke wangu huliita tasnifu yangu ya pili, na hakosei sana: lina sura, lina michoro, lina jedwali la gharama ambalo hubadilika kila mwezi kama ratiba ya mitihani. Lengo lilikuwa safari za familia. Tunaishi Dodoma, tuna watoto watatu, na kila Desemba tunakwenda Maretadu kwa basi hadi Babati, kisha kwa gari dogo la abiria, kisha kwa chochote kitakachopatikana. Krismasi iliyopita mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka saba, alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akauliza kwa nini Bibi anaishi mbali na barabara. Mama alicheka. Baadaye aliniambia faraghani kwamba swali la barabara halikumuumiza. Lililomuumiza ni neno Bibi. Watoto wa mdogo wangu humwita aama, kama Wairaqw tunavyowaita bibi zetu. Wangu humwita kama wanavyomwita bibi yeyote anayeuza karanga mtaani.

Basi nikapanga. Kwenye daftari nilichora pikapu yenye turubai nyuma, viti sita vinavyotazama mbele, sanduku la jiko, pipa la maji na chanja juu ya paa kwa ajili ya hema. Tungetoka Dodoma alfajiri, tungepita Kondoa, tungesimama Kolo ili watoto waione michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mchana tungekula kando ya Ziwa Babati, kisha tungeupanda taratibu ukuta wa Bonde la Ufa pale Dareda, kuelekea Dongobesh, nikiwatajia watoto majina ya vilima kwa Kiiraqw. Zamani safari ya namna hiyo ilikuwa ndoto tu. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018; kabla ya hapo wengi wetu tulizunguka kupitia Singida.

Sikuwa peke yangu katika ugonjwa huu. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara wa magari hayo, iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Nilitazama picha zake hadi usiku wa manane, mitihani ya watu ikiwa mezani haijasahihishwa.

Nadhani kinachotuvuta ni kwamba gari hili linaeleweka hata kwa asiye fundi. Lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini. Toleo la tatu, lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, liliurithi utaratibu huohuo. Bodi haishiki kutu. Kinachooza ni chesesi na ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva. Alumini hiyo ndiyo iliyolinusuru gari letu na mvua za Mbulu, na ndiyo iliyokaribia kuliua. Mdogo wangu, anayeishi nyumbani na kumtunza mama, alikuwa ameshaelewana bei na wanunuzi wa vyuma chakavu. Alumini ya Land Rover huyeyushwa ikawa sufuria, na sufuria zina soko. Simlaumu. Mimi nilikuwa na daftari; yeye alikuwa na ada za shule.

Nilimwomba muda, nikapanda Maretadu na fundi kutoka Babati. Ni mtu wa maneno machache, asiye na cheti chochote ukutani. Alianza kwa kuigonga chesesi kwa nyundo ndogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, sikio ameliinamisha. Palipolia kama kengele palikuwa pazima. Palipojibu kama ubao palikuwa pameoza. Akapata sehemu nne za kukata na kuchomelea upya. Difu zote mbili nzima, giaboksi inavuja, springi mbili za majani zimevunjika, na injini ya petroli ya lita 2.25 imeshikana kabisa.

Hapo tukaanza kubishana. Mimi nilitaka injini ileile ifunguliwe na kufufuliwa, kwa kuwa nilitaka gari la kale libaki la kale. Yeye alinikumbusha bei ya petroli, akapendekeza injini ya dizeli ya Toyota, ile 1HZ ya lita 4.2 ambayo mafundi wa nchi hii wanaijua kama wanavyoijua sala ya Baba Yetu. Kuifunga kunahitaji bamba la kuiunganisha na giaboksi, vishikio vipya na rejeta kubwa zaidi. Nikakubali shingo upande. Lakini nilipofungua ukurasa wa rangi na taa, alilifunga daftari langu kwa kidole chenye grisi.

“Mwalimu,” akasema, “uzuri wa gari ni kusimama.”

Breki za 109 ni za ngoma magurudumu yote manne, na anayeushuka ukuta wa Dareda akiwa na familia na mizigo hahitaji rangi. Alichukua kalamu yangu akaandika mwenyewe, juu ya ukurasa wa rangi: breki za diski mbele, mipira mipya ya breki yote, mkanda kwa kila abiria. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* kilichotoka mwaka 2021, amewapa mafundi wa gereji za Tanzania nafasi yao katika historia ya teknolojia. Nimekitumia kitabu hicho darasani. Nilikuwa sijawahi kufungiwa daftari na mmoja wa watu wanaozungumziwa humo.

Wakati tunapima, majirani walikuwa wamekusanyika. Mmoja wao, mzee wa rika la baba, alikuja akiegemea fimbo. Nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara mbili. Akauliza viti sita ni vya nani. Nikamweleza: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mama nikifanikiwa kumshawishi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa ile adabu ya wazee wetu ambayo usipoizoea utadhani umekubaliwa. Kisha akauliza, “Na kitanda cha mgonjwa mtakiweka wapi?”

Sikumwelewa. Akanionesha kwa fimbo kulabu mbili za chuma zilizokazwa kwa nati ndani ya bodi, upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshaziona. Kwenye daftari nilikuwa nimeziwekea alama na neno moja: *ondoa*. Nilidhani ni za kufungia kamba za magunia.

Zilikuwa za machela. Nilikulia ndani ya jambo hili nikalisahau, labda kwa sababu lilitokea usiku, na tangu kidato cha kwanza mimi nilikuwa bweni. Mtu anabisha hodi saa nane za usiku, baba anatoka na koti lake, mama anashika chemli, watu wanalisukuma gari maana betri haikuwahi kuwa na nguvu, kisha taa zinapotelea upande wa Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari kutoka Norwei, ndiyo iliyokuwa tegemeo letu kwa yote yaliyoshinda dawa za nyumbani na za zahanati. Jioni ile mama alinitajia, bila kuwa ameandika popote, watu waliolala kati ya kulabu zile: nani alijifungua kabla ya kufika, nani alirudi akitembea, nani alirudi amefunikwa. Malipo yalikuwa mafuta, kama unayo. Wengine walileta mahindi, wengine kuku, wengine hawakuleta kitu na baba hakuwahi kuwataja. Mimi nimelisimulia gari hili miaka yote kama gari la baba. Kwa majirani lilikuwa gari la wagonjwa, na baba alikuwa dereva wake.

Mzee yule, kabla ya kuondoka, aliuliza pia kama ni kweli kwamba mimi ni daktari. Nikamweleza ni udaktari wa aina gani. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Nikiwa njiani kurudi Dodoma niliikumbuka Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga. Matrekta yalipokosekana, walichukua vifaru vya vita aina ya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Kwa ubunifu wa mashine huwezi kuwabeza. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, maana mvua na udongo wa Kongwa haukuwa umechunguzwa vya kutosha. Nami gari la Maretadu nililichora Dodoma, mezani, kwa rula.

Utasema, msomaji, kwamba habari za machela ni za zamani. Ni kweli mengi yamebadilika, na haki ni kuyasema. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua au kichanga chake kupata usafiri wa dharura kwa kupiga namba 115 bila malipo. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa kijamii mwenye gari la kawaida, naye hulipwa. Tazama hapo: serikali, baada ya kupiga hesabu zake zote, imefika alipofika baba na kulabu zake mbili. Lakini mzee aliyepata kiharusi hamo katika mpango huo, wala kijana aliyevunjika paja. Hao nimewaona kwa macho yangu wakipakiwa kwenye bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma amemkumbatia asidondoke.

Na hapa ndipo daftari langu liliponitia aibu. Nimeandika mara ngapi kuhusu mashangingi? Nimewahi kudai hapahapa kwamba kiongozi anayepita juu ya shimo bila kulisikia hawezi kukumbuka kuliziba, na baadhi yenu mlinipongeza. Lakini ukurasa wa tisa wa daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, unasema: “Springi: inua inchi mbili, tusihangaike na mashimo.” Hiyo ndiyo siasa ya sisi wenye mishahara ya uhakika. Maji yakikatika tunachimba kisima, umeme ukiyumba tunafunga sola, shule ikizorota tunahamisha mtoto, barabara ikiharibika tunainua gari. Tunajitoa kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, na wanaobaki wanapolalamika hakuna wa kuwaandikia barua.

Barabara hiyo, hata hivyo, tunailipia wote. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya magari ilipofutwa, shilingi 40 ziliongezwa kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Niliipokea habari ile kama mwenye gari, nikafurahi. Sikumfikiria mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kudaiwa ada hiyo maishani mwake.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja idarani, alinipinga kwa hoja nzito. Alisema nikiziacha kulabu zile nitakuwa nauhalalisha uzembe: maadamu yupo mtu wa kujitolea, hakuna atakayeona haraka ya kuleta gari la wagonjwa wala kutengeneza barabara. Hoja hiyo naifahamu. Kila mwaka naifundisha. Nilipokwenda tena nyumbani nikamwekea mama mbele, kwa lugha nyepesi. Alikuwa akichambua maharage.

“Wewe na serikali mnakaa mji mmoja,” akasema. “Mmeshindwa kuonana?”

Nikaanza kumweleza majukumu ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mipaka ya halmashauri, na jinsi fedha zinavyogawanywa. Alinisikiliza, akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. Kisha akasema kwamba mgonjwa hasubiri bajeti, lakini bajeti nayo isipewe likizo kwa sababu kuna mtu mwenye gari. Akaniuliza kama katika miaka yangu yote ya kusoma nimewahi kuiandikia ofisi yoyote kuhusu barabara ya kwetu. Sikuwa nimewahi. Nimeandika kuhusu barabara za bara zima.

Mirathi ya baba haikuwa imefunguliwa. Kadi ya gari bado ina jina lake, na hatuwezi kubadilisha jina wala kuingiza namba ya injini mpya hadi Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi. Mwezi uliopita ndugu wanne tulikaa kikao cha ukoo ili kumpendekeza. Nilikwenda na hoja yangu tayari: niwalipe ndugu zangu sehemu zao, gari liende Dodoma, na kila Desemba lipande na machela yake. Mdogo wangu, yuleyule wa sufuria, ndiye aliyekataa. Alisema likikaa Dodoma litaoshwa kila Jumamosi na halitakuwa na kazi nyingine. Wote walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa ukurasa wa kumi na mbili wa daftari una orodha ya sabuni za kuoshea gari.

Tumekubaliana likae Maretadu, na jina la msimamizi tulilopendekeza ni lake. Mimi nitalipia injini na breki. Ndugu wengine chesesi na matairi. Mafuta ya safari za wagonjwa yatatoka kwenye kikundi cha kufa na kuzikana cha kitongoji, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na akiba ya jeneza bila kuwa na akiba ya kumfikisha mtu hospitali. Kifungu hicho kilijadiliwa kwa saa mbili, kuliko mirathi yenyewe. Wapo waliohofia kwamba kila mwenye mafua ataita gari. Wapo waliotaka dereva alipwe, na nadhani wana haki, maana baba alizeeka kwa kukosa usingizi. Hilo halijaisha.

Desemba gari litashuka Babati kutupokea kituo cha mabasi, na kwa wiki mbili litakuwa letu, isipokuwa simu ikilia. Kolo tutakwenda siku nyingine, kwa basi. Daftari limebaki na safari fupi: hadi Ziwa Basotu na kurudi, au hadi Katesh kuuona Mlima Hanang kwa karibu, mlima ambao tope lake liliua makumi ya watu tarehe 3 Desemba 2023 na ambao watoto wangu wanaujua kwa taarifa ya habari tu. Viti vya nyuma vimepungua, na upande wa kushoto kuna benchi la kukunja, chini ya kulabu. Springi zitabaki na urefu wa kiwandani. Barua ya barabara nimeshaipeleka TARURA wilaya, nakala kwa diwani na kwa mbunge. Wakijibu nitaichapisha hapa pamoja na majibu, wasipojibu nitaichapisha peke yake.

Fundi ameanza na breki. Injini itasubiri mkopo wangu wa chama cha akiba, ambao mke wangu ameukubali kwa sharti kwamba nisianze daftari la tatu.

Binti yetu mkubwa ameuona mchoro mpya, akauliza yeye atakaa wapi. Nikamwonesha benchi, nikamwambia akipatikana mgonjwa njiani itabidi ashuke. Akauliza kutoka hapo atafikaje kwa aama. Nikamwambia kwa miguu, kama nilivyokuwa nikienda mimi. Ameomba viatu.